Kila Mtu na Katikati Yake

Gari langu lilipotoka gereji likiwa na tairodi mpya, zile fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu ya mbele, usukani ulikuwa umenyooka kabisa, nami nikamsifu fundi kwa kazi safi. Kumbe hakuunyoosha kwa kurekebisha urefu wa tairodi, bali aliung'oa, akaugeuza kidogo, kisha akaupachika kwenye meno mengine ya mhimili wake. Macho yangu yaliridhika. Sensa ya pembe ya usukani, ambayo husoma mzunguko wa mhimili na haijali urembo, haikuridhika hata kidogo: kwa hesabu zake, tangu nitoke getini nilikuwa nakata kona ya kushoto, digrii 12, bila kupumzika.

Sensa hiyo nayo haiwezi kukaa na neno moyoni. Hupeleka habari kwa kompyuta ya kuzuia gari lisiserereke, nayo hulinganisha dereva anakotaka kwenda na gari linakoelekea. Gari likipinda kidogo kuliko anavyotaka dereva, huamini kwamba tairi za mbele zimeteleza, kisha hufunga breki ya gurudumu moja ili kumwokoa dereva. Barabara ilikuwa kavu, imenyooka, na haina mtu. Mjomba, aliyeketi kando yangu, alikuwa akihutubia kuhusu vijana wasiojua kuendesha, na hapo hapo gari likaamua kuniokoa. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikamatwa, tukavutwa upande huo, na ile taa ya njano yenye picha ya gari linaloteleza ikaanza kumetameta.

"Mjomba, si mimi niliyekanyaga breki."

"Basi ni mimi?"

Fundi yule yule alishauri kwamba taa ichomolewe, kwa kuwa haina kazi kubwa. Tukahamia kwa mwingine mwenye mashine ya kupimia, ambaye alirudisha usukani kwenye meno yake, akarekebisha tairodi pande zote mbili, kisha akaliweka gari mahali tambarare ili sensa ifundishwe upya sifuri yake, yaani mahali ambapo usukani huhesabiwa kuwa umenyooka. Sharti lilikuwa moja tu: tairi za mbele zitazame mbele. Mjomba alichuchumaa mbele ya gari akatangaza kwamba zimekwenda kushoto. Fundi, akiwa nyuma, akashikilia kwamba zimekwenda kulia. Walibishana kwa muda mrefu na kwa heshima kubwa kabla ya yeyote kugundua kwamba walikuwa wakitazamana, na kwamba wote wawili walikuwa wakisema jambo moja.

Hatimaye fundi akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, mashine ikakubali, nasi tukapeana mikono, mpaka alipochungulia ndani na kumkuta Mjomba, ambaye alikuwa amechoka kuchuchumaa, ameketi kwenye kiti cha dereva na kuegemeza mkono wake wote juu ya usukani. Kazi ikaanza upya. Safari hii fundi alimwomba Mjomba, kwa adabu zote, akamshikie tochi nje ya gari, ingawa ilikuwa saa saba mchana.