Kupaza Sauti Si Kosa

Katika shule za Nakuru zenye watoto wa kila kabila, mwanafunzi akifoka darasani, jina lake linaingia kwenye kitabu cha makosa siku hiyohiyo. Anayemeza hasira, akaacha kula na kuomba kuhamishwa bweni, husifiwa kuwa ana adabu. Jambo hili linaniudhi, kwa sababu tunaadhibu mtindo badala ya kosa.

Kuna vijana wanaoitoa hasira nje, wanaoifungia ndani na wanaoweza kuituliza. Njia hizo hutegemea tabia ya mtu na malezi, si kabila peke yake. Katika ploti moja ya nyumba za kupanga mtaani Kaptembwa utapata ndugu wawili, wa mama mmoja, mmoja anabamiza mlango na mwingine hasemi neno siku tatu. Kabila hukuonyesha zaidi kinachomuuma kijana kuliko atakavyolipuka.

Chukua jando. Wabukusu hutahiri Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili; Wakikuyu na Wakalenjin wengi, Desemba. Mvulana anarudi shuleni akiwa ameambiwa nyumbani kuwa sasa ni mwanaume, kisha anagombezwa mbele ya wasichana. Naye Mjaluo, ambaye mila yake haina jando, anaitwa mtoto na wenzake bwenini. Ukiadhibu ngumi yake na kuyaacha yale matusi, umeandaa vita vya pili.

Kwa hiyo, mwalimu, kwanza mwondoe kijana aliyelipuka mbele ya watazamaji. Mpe angalau dakika 20, maana moyo bado unadunda na lolote utakalosema halitaingia. Muulize, kwa lugha anayoitaka, nini kilitangulia. Usimwamrishe akutazame machoni: kwao huenda huko ni kumkosea mkubwa heshima, nawe utadhani anaficha kitu. Andika “alirusha kiti”, usiandike “ana kiburi”. Msamaha usiombwe paredini, mbele ya shule nzima. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na anayekitumia bado anamfundisha kijana kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki ya kukasirika.

Mkimya anahitaji kazi zaidi, hasa muhula wa pili mitihani ya majaribio, yaani moku, inapokaribia. Tazama daftari lililochorwachorwa mpaka karatasi imetoboka, maumivu ya kichwa yasiyoisha, sahani inayorudi na chakula. Usimwite ofisini. Mpe kazi ya mikono, kama kupanga vitabu, ukiwa naye bega kwa bega, ndipo uulize. Akijibu “hakuna kitu”, usimbane. Mtafute tena kesho yake.