Asali ya wazimu: wanaolazwa sio wale mnaowadhania

Kila klipu ya asali ya wazimu, ile asali nyekundu ya Nepal inayosemekana kulevya, ikirudi mitandaoni watu wanagawanyika, kuna wanaosema hayo ni madawa ya kulevya tu yapigwe marufuku na kuna wanaouliza bei. Mi naona wote wanabishana kuhusu mtu mmoja, kijana anayetafuta stimu, na huyo mtu ukimtafuta kwenye ripoti za hospitali humpati kirahisi.

Mwaka 2015 watafiti wa Uturuki walikusanya ripoti za kitabibu za watu walioumwa baada ya kula asali hii, wakapata wagonjwa 1199, wengi wao wa Uturuki, ambako ukanda wa Bahari Nyeusi wanaiita deli bal, yaani asali ya wazimu. Robo tatu hivi ni wanaume na umri uliojitokeza zaidi ni miaka 41 hadi 65. Sasa hebu ikae kichwani hiyo. Hao ni watu wazima, wana presha, wana vidonda vya tumbo, na wengine mambo ya chumbani yamepoa, maana kule inaaminika asali hii inatuliza tumbo, inashusha presha na inaleta nguvu za kiume. Hilo la mwisho ndo linaeleza kwanini wanaume wamejaa kwenye orodha. Kwaiyo ukiweka sheria ukimfikiria kijana wa disko umeshamkosa mzee mwenyewe ambaye hajioni kama anatumia kilevi, anajiona anakunywa dawa, na mtu anayekunywa dawa hamwambii daktari wa zamu kwamba alilewa kwa sababu hakulewa, alijitibu.

Na hiyo stimu yenyewe imetiwa chumvi sana. Sumu iliyomo inaitwa grayanotoksini, inatoka kwenye nekta ya baadhi ya maua ya rododendroni, na kazi yake ni kushikilia wazi ile milango ya sodiamu kwenye seli za neva na misuli isijifunge inavyotakiwa. Mapigo ya moyo yanashuka, saa ingine yanafika 40 kwa dakika au chini ya hapo, presha nayo inaanguka, jasho linatoka, mate yanajaa, unatapika, macho yanaona ukungu, ukisimama unaanguka. Kweli kwa kiasi kidogo wapo wanaosema mwili unakuwa mwepesi na ganzi inatembea. Ila sehemu kubwa ya hicho kinachoitwa kulewa ni damu kutofika kichwani vizuri, ndo maana nashangaa mtu akiifananisha na bangi.

Wagurung, jamii ya wilaya za Lamjung na Kaski kule Nepal, wale wanaoshuka kwenye majabali kwa ngazi ya kamba kuvuna masega ya nyuki wakubwa Apis laboriosa, haya yote wanayajua bila maabara. Wanavuna masika na wanavuna vuli, na wanajua ya masika ndo kali kwa sababu rododendroni inakuwa imechanua, ya vuli unakula tu kama asali zingine. Ile kali ni kijiko, tena kidogo, kwa kikohozi au viungo vinavyouma. Uturuki vilevile, kijiko cha chai na maziwa ya moto, basi. Ujuzi huo haujaanza juzi. Karibu mwaka 400 KK jeshi la Wagiriki lilivamia mizinga karibu na Trabzon ya leo, na Xenophon, mwandishi aliyekuwemo kwenye jeshi hilo, anaandika kwamba waliokula kidogo walikuwa kama walevi na waliokula sana kama wanaokata roho, lakini hakufa hata mmoja, siku ya tatu au ya nne wakasimama. Miaka zaidi ya 300 baadaye, kwa mujibu wa Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, wenyeji wa milima hiyohiyo waliwategea askari wa Pompey, jenerali wa Roma, asali ileile, na hao walikufa, ila waliuawa kwa silaha wakiwa wamelegea. Yani wenyeji walishajua inafanya nini na mgeni hakujua.

Wanaotaka ipigwe marufuku nao wana hoja na moja ni nzito kweli. Kijiko sio kipimo. Nguvu ya asali inategemea maua gani yalichanua, mwaka gani, mwamba upi, kopo hili na lile yanaweza kupishana mbali sana, na hata kwenye wale wagonjwa 1199 kiasi alichokula mtu hakikuonyesha uhusiano wa maana na moyo wake ulishuka kiasi gani. Asali ya supamaketi inachanganywa kutoka sehemu nyingi kwaiyo sumu ikiwepo inazimuliwa, hii haichanganywi, inauzwa hivyohivyo kwa sababu mnunuzi anataka ukali. Hapo ndo biashara inapoharibu, mtu kalipa hela nyingi, dakika kumi zimepita hasikii kitu, anaongeza kijiko, kumbe huwa inachukua dakika 20 mpaka saa tatu. Na kama tayari anameza dawa za presha zinazopunguza mapigo, vitu viwili vinausukuma moyo kule kule chini. Korea Kusini waliona isiwe taabu, wakazuia isiingizwe nchini mwaka 2005.

Naelewa walivyofikiri ila siungi mkono nchi zingine zifuate. Vifo vya watu ni nadra mno, wengi wanarudi nyumbani ndani ya saa 24 kwa dripu na sindano ya atropini, dawa ya kupandisha mapigo ya moyo, na ukizuia kabisa mzee ataiagiza kwa njia ya panya, kopo halina hata jina. Afadhali ipimwe, kopo liandikwe kiasi cha grayanotoksini na onyo kwa wenye matatizo ya moyo na wanaotumia dawa za presha, na gharama ya kipimo abebe muuzaji wa nje anayepata faida kubwa, sio mvunaji aliyening'inia kwenye kamba.

Alafu kuna kitu rahisi kuliko sheria yoyote. Mgonjwa akifika na mapigo 38 madaktari wasioijua asali hii wanawaza shambulio la moyo au hitilafu ya umeme wa moyo, kuna walioanza kuandaliwa kuwekewa betri ya moyo, wakati swali la umekula nini asubuhi lingemaliza kazi. Na pale mzee aulizwe mkewe akiwa ametoka nje, maana akiwepo hataitaja.