Kijiko chenye tundu

Ukiuliza kwa nini watu wa nchi zilizotawaliwa na wakomunisti wanatofautiana sana kuhusu mapenzi ya jinsia moja, jibu huwa liko mdomoni tayari: dini. Haya, tulipime. Utafiti wa Pew, taasisi ya Marekani ya kura za maoni, uliotoka 2017 ulikuta asilimia 72 ya watu wa Jamhuri ya Cheki hawana dini, na asilimia 65 wanaunga mkono ndoa za jinsia moja. Hesabu inaingia. Nenda Estonia sasa: wasio na dini asilimia 45, wanaounga mkono 23 tu. Poland, ambako misa za Jumapili bado hujaa, ilipata 32.

Dini peke yake, basi, haitoshi. Mimi naanzia jela. Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti, aliifanya ngono kati ya wanaume kuwa kosa la jinai mwaka 1934, kifungo hadi miaka 5, na sheria hiyo ikadumu Estonia hadi 1992, Urusi hadi 1993. Mamilioni walipita katika kambi na magereza ya Kisovieti. Humo, mfungwa aliyebakwa au kushukiwa kuwa shoga alishushwa tabaka la chini kabisa na kuitwa "jogoo". (Kwetu jogoo ni mwenye boma, kule ni tusi la kumwagia mtu damu.) Kijiko chake kilitobolewa tundu kisije kikachanganyika na vya wengine, na aliyekula chomboni mwake aliweza kushushwa naye. Aliyembaka hakupoteza kitu. Aibu ilikuwa ya aliyefanyiwa. Wafungwa walipoachiwa, waliondoka na lugha hiyo hadi mitaani na jeshini, na ndiyo maana chuki ya Urusi ina harufu ya jela kuliko ya ubani.

Prague, mji mkuu wa Cheki, mambo yalikwenda njia nyingine. Miaka ya 1950, daktari Kurt Freund alijaribu "kuwatibu" wanaume kwa dawa za kutapisha huku wakionyeshwa picha za wanaume. Akawafuatilia baadaye, akaona tiba imeshindwa, na akasema hivyo waziwazi. Sheria ya 1961 ikaliondoa kosa hilo kwa watu wazima. Suala likahamia kwa madaktari miaka 30 kabla ya Warusi.

Romania ilifuta kifungu cha 200, kilichoadhibu mapenzi ya jinsia moja, mwaka 2001, ikibanwa na Baraza la Ulaya na Umoja wa Ulaya. Kura ya maoni ya 2018 ya kuifunga ndoa iwe ya mume na mke tu ilianguka kwa sababu waliojitokeza walikuwa kama asilimia 21, na kiwango cha chini kilichotakiwa kilikuwa 30. Wengi walishangilia. Mimi sikuona cha kushangilia: miongoni mwa waliopiga kura, zaidi ya asilimia 90 walisema ndiyo, na aliyebaki nyumbani hajasema lolote.

Ukisoma takwimu hizi, angalia swali lenyewe. "Utakubali awe jirani yako?" na "Waruhusiwe kuoana?" hutoa majibu yaliyoachana mbali kwa mtu yuleyule. Kwa Urusi, angalia na tarehe. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilitangaza "harakati za kimataifa za LGBT" (yaani za mashoga, wasagaji na wenzao) kuwa za itikadi kali; tangu hapo, mgeni akibisha hodi na karatasi ya maswali, mwenye nyumba hufikiria kwanza ni nani aliyemtuma.