Shangazi anasoma, msimkatie maneno

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, masikio yalianza kumtoka alipofika miaka 60. Leo hasikii TV hata ukifungulia sauti mpaka jirani agonge ukuta. Lakini macho anayo, na kusoma anasoma. Ndiyo maana ile video tuliyomrekodi babu kule Muheza, akieleza habari za shamba la michungwa, niliiwekea maandishi chini, neno kwa neno. Kazi ya siku tatu, usiku usiku. Nikaitia kwenye flashi, nikampelekea.

Babu alipoanza kuongea, mstari wa juu ulisomeka vizuri. Wa chini ulikuwa nusu: vichwa vya herufi vinachungulia, miguu imezama kwenye fremu ya TV. Shangazi akasogeza kigoda, akainama, kichwa akakilaza upande kama anayetafuta shilingi iliyoviringikia uvunguni mwa kabati. "Mwanangu, maneno mengine yameingia wapi?" Mstari wa juu ulisema: "Mpaka wetu upande wa mtoni ni". Wa chini, ambao hakuupata, ulisema: "ule mvule, siyo mwembe."

Niliumia, maana kwenye kompyuta yangu kila kitu kilionekana.

Chanzo ni tabia ya zamani ya TV. Enzi za TV za chogo, zile nene zenye mgongo nyuma, picha ilikuwa ikitanuka na kusinyaa kidogo umeme ukipanda na kushuka, na kingo zake hazikunyooka. Watengenezaji wakaamua kuifanya picha iwe kubwa kuliko kioo, ili ule ubovu wa pembeni ufichwe nyuma ya fremu. TV bapa hazina shida hiyo, lakini nyingi bado zinatoka kiwandani zikiwa zimewekwa kukuza picha na kukata pembeni. Na chogo zenyewe hazijaisha. Matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam mwisho wa mwaka 2012, watu wengi walinunua king'amuzi wakakiunganisha na TV ile ile.

Kwa hiyo kabla hujagusa video, shika rimoti. Ingia kwenye mipangilio ya picha, toa "Zoom", weka 16:9, kisha tafuta palipoandikwa "Just Scan", "Screen Fit" au "Full Pixel", kutegemea aina ya TV. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

TV ya shangazi ni chogo, mipangilio hiyo haina. Hapo ndipo nilipopoteza jioni nzima kwa kosa ambalo naona wengi wanalifanya: nilipunguza ukubwa wa video yote, kutoka pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Haikusaidia kitu. TV huichukua picha yoyote unayoipa na kuitanua ijae kioo, halafu inakata pale pale. Kinachotakiwa ni fremu ibaki na ukubwa wake, picha ipungue ndani yake, na pembeni pabaki ukanda mweusi. TV ikate huo weusi, maneno ibakize.

Hesabu yake nyepesi. Kwa fremu ya 1280 kwa 720, punguza picha hadi asilimia 90, yaani 1152 kwa 648. Zinabaki pikseli 64 kila upande, na 36 juu na 36 chini. Kwenye programu ya bure ya ffmpeg, kichujio chake, yaani amri ya kuibadili picha, ni scale=1152:648,pad=1280:720:64:36. Fanya hivyo kwenye faili la asili, siyo nakala iliyopita WhatsApp, maana kila ukiibana upya video inapoteza ubora.

Kama TV inasoma yenyewe manukuu, yaani hayo maandishi ya chini, afadhali yaweke kwenye faili la SRT, faili la maandishi matupu lililo kando ya video, lenye jina sawasawa na la video. Hapo TV ndiyo inayoyaandika, kwa kawaida baada ya kuikuza picha. Lakini angalia ile alama ya ng': ukiiandika kwa simu mara nyingi inakuwa ya kupinda, na kwenye baadhi ya TV "ng'ombe" anatokea na takataka katikati. Tumia alama iliyonyooka.

Sasa neno langu kwa ndugu zangu wa studio za video, za harusi, za mahubiri, za mawaidha. Acheni kubandika maandishi ukingoni kabisa. Umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, katika pendekezo lake la R 95, unataka maandishi yabaki ndani ya asilimia 90 ya picha, na huo ni mwongozo wa zama hizi za TV bapa. Maandishi hayo mnayaona kama urembo wa chini kwa sababu nyinyi mnasikia. Kwa asiyesikia, hapo ndipo mahubiri yenyewe yalipo. Ijaribuni kazi kwenye TV ya sebuleni, na ya zamani ikipatikana, kabla ya kumkabidhi mteja.

Jumamosi nilirudi kwa shangazi na flashi. Ukanda mweusi haukuonekana hata kidogo, chogo lake liliukata wote. Alisoma akitikisa kichwa taratibu. Kwenye mvule akanyoosha mkono nisimamishe. "Nilijua," akasema. "Huo mwembe aliupanda mama, mimi nikiwa msichana mkubwa. Mpaka ulikuwepo zamani."