Kufufua mji uliochoka: mabasi tunayagombania, sharti la paking hatuliangalii

Kila ukisikia kuna mradi wa kufufua sehemu ya mji iliyochakaa, iwe bandari ya zamani, kiwanda kilichofungwa au kambi ya jeshi iliyohamwa, ubishi unakuwa uleule. Wengine wanataka mabasi, baiskeli na njia za miguu, wengine wanasema bila paking biashara zitakufa na hakuna mtu atahamia hapo. Mimi naona hawa wa kwanza wanaeleweka vibaya, watu wanadhani wanapigana na wenye magari, wakati hoja yao nzito kabisa haihusu gari linalotembea, inahusu gari lililosimama, na hasa lile sharti la kwenye kanuni za ujenzi kwamba kila nyumba na kila duka lazima lije na nafasi kadhaa za kupaki.

Hebu tupige hesabu taratibu. Gari moja kusimama tu linataka kama mita 2.5 kwa 5, yani mita za mraba 12 na nusu. Lakini lazima liingie na litoke, kwa hiyo weka njia ya kupita, kona ya kugeuzia na geti, unajikuta nafasi moja inakula mita za mraba 25 mpaka 30. Sasa chukua jengo la ghorofa nne lenye apatimenti 40, kila moja mita 60. Kila ghorofa ina apatimenti 10, ni mita 600, ongeza ngazi na korido tuseme 700. Kanuni ikidai nafasi moja na nusu kwa kila apatimenti, hizo ni nafasi 60, hata kwa mita 25 tu ni mita 1,500. Magari yanataka ardhi zaidi ya mara mbili ya jengo ambalo watu wanaishi! Mwekezaji afanye nini hapo? Anunue kiwanja kikubwa zaidi, achimbe chini kwa gharama kubwa mno, au apunguze apatimenti. Na katikati ya mji wa zamani viwanja ni vidogo vimebanana, hiyo ya kwanza haipo, ya pili hesabu zake hazirudi, kwa hiyo pagale linabaki pagale miaka nenda miaka rudi na watu wanalaumu kukosekana kwa wawekezaji. Na likijengwa, gharama ya paking inaingia kwenye kodi ya kila mpangaji, hadi yule ambaye hana gari na hana mpango wa kuwa nalo.

Hayaishii hapo. Majengo yakitenganishwa na viwanja vya paking, watu wanaoweza kufika kituoni kwa miguu wanapungua, basi linapita nusu tupu, safari zinapunguzwa, waliobaki wananunua magari, alafu wanadai paking zaidi. Ndo maana kununua mabasi mapya bila kugusa kanuni za ardhi mara nyingi ni hela inayopotea.

Hili sio la kwenye makaratasi tu. Mexico City walipitia miradi mikubwa 251 ya kati ya 2009 na 2013 wakakuta asilimia 42 ya eneo lililojengwa ni paking, na mwaka 2017 jiji likageuza kanuni, badala ya kiwango cha chini cha nafasi za paking kikawekwa kikomo cha juu kisichozidishwa. Mwaka huohuo Buffalo kule Marekani wakafuta kiwango cha chini mji mzima. Baadaye ikaonekana asilimia 47 ya miradi mikubwa ilijenga paking chache kuliko kanuni ya zamani ilivyotaka, maana yake waliobaki waliendelea kujenga kama zamani au zaidi kwa hiari yao. Hapo Buffalo hakuna aliyekatazwa. Hili nalirudia kwa sababu ndo linalopotoshwa sana: kufuta sharti sio kupiga marufuku paking.

Upande wa pili nao wana pointi. Mwenye ulemavu anahitaji nafasi karibu na mlango, hiyo isiguswe. Mitaa ya jirani inaweza kufurika magari yaliyokosa pa kukaa, hilo linatokea kweli na linataka vibali vya wakazi au malipo ya kupaki barabarani. Na kama basi lenyewe linakuja mara moja kila baada ya saa mbili, huwezi kumwambia mtu aache gari.

Lakini pointi yao nzito kuliko zote, ambayo wapangaji miji wengi wanaikimbia, ni kodi za pango. Mtaa ukipendeza na kituo kikiwa jirani, thamani ya ardhi inapanda na waliovumilia miaka yote ya uchakavu ndo wanaosukumwa nje. Hapa kufuta sharti la paking hakutoshi, lazima uangalie ardhi ni ya nani.

Ndo maana naipenda Vauban, mtaa wa Freiburg, Ujerumani, uliokuwa kambi ya jeshi la Ufaransa mpaka 1992. Mji wenyewe ulinunua ardhi, ukakata viwanja vidogo ukauzia hadi vikundi vya wananchi wanaojijengea pamoja. Magari yanakaa kwenye magereji ya kupaki pembezoni na mwenye gari ananunua nafasi yake mwenyewe, bei haifichwi kwenye nyumba. Asiye na gari anasaini kwamba hana, analipa mara moja tu mchango wa kipande cha ardhi kilichotengwa, ili wakija kuhitaji gereji hapo ndo ijengwe, na kwa sasa pamebaki wazi. Tramu, yani treni ya mjini, ilifika 2006, watu wakiwa wameshahamia miaka kadhaa, na huko nyuma walikuwa wanatumia basi.

Kwa hiyo anayebisha kwamba usafiri utangulie, mimi niko naye kwenye basi la uhakika kuanzia siku mkazi wa kwanza anapoingia, hata kama reli itachelewa. Ila asinibebee sharti la nafasi moja na nusu kama dhamana mpaka reli ije, kwa sababu majengo yakishasimama na viwanja vyao vya paking, hiyo reli ikifika haitakuwa na abiria wa kutosha kituoni.