Nyungu ya Watu Wawili

Najua mmeshaisikia ya shemeji. Katuma sauti kwenye grupu la ukoo kwamba "Baba Zai kakutwa blanketi moja na mama mkwe." Kweli, tulikuwa blanketi moja. Sasa sikilizeni na yangu.

Mafua yaliletwa na Zai kutoka chekechea. Akamgawia mdogo wake kwenye kikombe cha uji, mdogo mtu akampa mama yao. Usiku tunafunga madirisha yote kwa kuogopa mbu, kwa hiyo chumba kizima tunavuta hewa ileile mpaka kunakucha. Mimi nikawa najitapa kwamba siumwi ovyo. Kumbe homa ya mafua mtu huanza kuigawa hata siku moja kabla pua haijawasha!

Mzima alibaki mama mkwe peke yake, aliyekuja kutoka Tanga "kuwasalimia mara moja", na wajukuu wanambusu mkono kila asubuhi na makamasi yao.

Yeye ndiye aliyeamuru nyungu. Mwarobaini, mchaichai, majani ya mpera, malimau, sufuria la pilau likainjikwa uani. Tuingie kwa zamu, na yeye atafunga dimba, kwa ajili ya kinga. Mvuke unalegeza kamasi tu, kirusi haukiui, lakini hilo nendeni mkamwambie nyinyi.

Zamu yangu ikafika. Katikati nikatoka kupenga kamasi, nikarudi kujifunika. Mke wangu aliniona natoka. Kurudi hakuniona.

Hapa twende polepole, maana shemeji kaparuka.

Nimefumba macho, mvuke unachoma. Blanketi likanyanyuliwa upande wa pili. Mtu akaingia, kigoda kikalia kwaa! Goti likagusa goti langu. Nikajua ni mke wangu, kanionea huruma. Nikamsogelea kabisa, nikanong'ona kwa ile sauti ya kubembeleza (wenye ndoa mnaijua):

"Mama Zai, hivi mama yako anaondoka lini? Maana sukari humu inakwisha kama kuna msiba."

Kimya. Nasikia matone tu yakidondokea kwenye sufuria. Nikadhani anapiga hesabu. Nikaongeza, Mungu anisamehe, "Na lile koroma lake la usiku!"

Kimya tena. Pua nayo ikaanza kunicheza. Nikageuza uso kwa adabu, kumbe ndiyo nauelekeza kwake. Chafya ikatoka, siyo ya mchezo, yenye mate yake yote.

Ndipo likaja jibu, taratibu, kwa lafudhi ya Tanga:

"Jumamosi, mwanangu. Mungu akipenda."

Niliruka na blanketi kichwani, kikoi nimekishika kwa mkono mmoja. Mlangoni kasimama shemeji na kopo la maji. Mnaocheka, chekeni.

Nikaomba radhi, nikanunua sukari, mke akaninunia, yakaisha.

Ijumaa usiku nikasikia chafya kutoka chumba cha wageni. Ya pili. Ya tatu. Asubuhi mama mkwe ana homa, mwili wote unamuuma, safari imeahirishwa mpaka apone. Homa imeshashuka, lakini kikohozi, anasema mke wangu, kwa mtu mzima kinaweza kumaliza hata wiki mbili. Anasema hivyo huku anatabasamu.

Ngojeni kidogo, naitwa chumbani. Anataka chai.