Mbona 1936 imerukwa?

Makala niliyosoma imeueleza vizuri Mlima Lishan na chemchemi za maji moto za Huaqing, karibu na jiji la Xi'an nchini China, ila historia yake imeishia kwa mfalme Xuanzong wa enzi ya Tang na kipenzi chake Yang Guifei. Alfajiri ya Desemba 12, 1936, Chiang Kai-shek, kiongozi wa China wakati huo, alikurupuka usingizini hapo hapo askari wa majenerali wake mwenyewe walipokuja kumkamata, akakimbilia mlimani na nguo za kulalia, meno ya bandia kayaacha chumbani! Matundu ya risasi bado wanayaonyesha kwenye vioo vya madirisha. Nilifika nikiwa nasoma Xi'an. Bwawa la Yang Guifei, lililojengwa kwa umbo la ua, ni kavu, la kutazama tu. Maji yenyewe, nyuzijoto 43 hivi, niliishia kunawa mikono. Taulo langu lilirudi halijaguswa.